Sumu Katika Kiwanja

1. Chupa nyuma ya mlango

Saa saba imepiga. Jua ni kali. Kijana wa darasa la tatu anarudi nyumbani kutoka shule. Ameshikwa na kiu. Nyuma ya mlango wa jikoni anaona chupa ya limonadi, na ndani yake mna kitu kama maji. Anaifungua, anaipeleka kinywani. Mama yake anamwona toka uani, anapaza sauti: « Acha, mwanangu! Ni petroli! » Kijana anashtuka. Chupa inamponyoka na kuvunjika. Petroli inamwagika chini, na harufu yake inajaa nyumba nzima.

Siku ile kijana alipona. Watoto wengine hawaponi. Petroli ikinywewa haiumizi tumbo tu. Huingia mapafuni, na mtoto hushindwa kupumua.

Je, mama yule alikuwa mama mbaya? Hapana. Alikwenda sokoni kununua petroli kidogo ya taa. Hakuwa na chombo kingine, basi mwuzaji akamtilia katika chupa ya limonadi. Jirani zake wote hufanya vivyo hivyo. Shida haikuja kwa uovu. Ilikuja kwa desturi. Kwa sababu hiyo yafaa kila mtoto ajue vizuri vitu vilivyo katika nyumba yao na katika kiwanja chao.

2. Takataka za namna mbili

Kila nyumba hutoa takataka. Asubuhi dada anafagia uani. Anakusanya maganda ya ndizi, vijiti vya sombe, majivu ya jikoni na majani makavu. Takataka hizo huoza zikawa mbolea. Akizitia katika shimo, baada ya miezi michache atapata udongo mweusi unaofaa kwa bustani.

Lakini ziko takataka za namna ya pili. Hizo zina sumu, wala hazifai kutupwa pamoja na maganda. Ni hizi:

Mawe ya tochi na ya redio yaliyokwisha nguvu. Batri kuukuu ya motokari au ya umeme wa jua. Mafuta meusi yanayotolewa katika injini. Rangi iliyobaki ndani ya mkebe. Taa ndefu za kioo, ambazo ndani yake mna zebaki kidogo. Chupa za dawa ya kuua wadudu wa shamba. Soda kali ya kutengeneza sabuni. Javeli ya kufulia nguo. Dawa za hospitali zilizopita siku zake.

Vitu hivi vyote vilikuja nyumbani kwa kazi njema. Taa ya petroli inamsaidia mwanafunzi kusoma usiku. Batri inaleta mwanga. Dawa ya wadudu inaokoa maharagwe. Lakini kitu chema kikiisha kazi yake, sumu yake haiishi pamoja nayo. Hubaki pale pale, inangoja mtoto, au mbuzi, au mvua.

Mvua ndiyo mchukuzi wake. Fundi anamwaga mafuta meusi ya injini chini ya mwembe. Udongo unayanywa, na watu wanafikiri kwamba yamekwisha. Kumbe yanashuka polepole kufika maji ya kisima. Lita 1 tu ya mafuta hayo huweza kuharibu lita 1,000,000 za maji.

Pengine watu wanavunja mawe ya tochi, wanasaga unga wake mweusi pamoja na majani mabichi, wapate kupaka ubao wa shule. Nia yao ni njema. Lakini vumbi la unga ule halifai kwa mapafu, na watoto wenye mikono michafu wanaupeleka kinywani.

3. Habari ya Thiaroye

Kando ya bahari, katika mji wa Dakar, mji mkuu wa Senegal, kuna mtaa uitwao Thiaroye-sur-Mer. Sehemu moja ya mtaa ule huitwa NGagne Diaw. Tangu mwaka 1995 watu wa pale walikuwa wakivunja batri kuukuu za motokari ili kupata risasi. Risasi hiyo siyo ya bunduki tu. Ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Katika batri, zaidi ya nusu ya uzito wote ni risasi. Huyeyuka upesi: moto wa digri 327 unatosha. Kwa hiyo mtu aweza kuiyeyusha juu ya makaa, katika sufuria, nyuma ya nyumba yake.

Miaka ilipita. Vipande na unga wa risasi vilichanganyika na mchanga wa mtaa. Mwaka 2006 na 2007 bei ya risasi ilipanda sana duniani. Ndipo watu walianza kuchimba ule mchanga na kuuchekecha kama unga wa muhogo, ili kutafuta vipande vidogo vilivyobaki. Walitia udongo katika mifuko, na mifuko ile waliiweka ndani ya nyumba zao. Watoto walicheza juu ya mifuko. Vumbi lilikaa juu ya mikeka, juu ya vyombo na juu ya chakula.

Kati ya mwezi wa Novemba 2007 na mwezi wa Machi 2008, watoto 18 walikufa pale. Walishikwa na ugonjwa wa ghafula wa kichwa, nguvu zikawaishia upesi. Mwanzoni watu hawakujua sababu.

Waganga walichunguza damu ya ndugu za watoto wale na ya mama zao. Waliona risasi. Watu 81 walipimwa, na wote 81 walikuwa na sumu hiyo mwilini. Watoto wengine waliobaki hai walikuwa wameharibika ubongo.

Kwa nini watoto walikufa, na wakubwa waliofanya kazi ile waliendelea kuishi? Kwa sababu mwili wa mtoto unapokea risasi mara nne au tano zaidi kuliko mwili wa mtu mzima. Tena mtoto anatambaa chini, anatia vidole kinywani, na ubongo wake ungali unakua. Hakuna kipimo cha risasi, hata kidogo, kinachojulikana kuwa hakidhuru.

Wazazi wa Thiaroye walitafuta chakula cha watoto wao. Hawakujua kwamba katika mifuko ile mlikuwa na kifo.

4. « Kiwanja ni changu »

Mtu mwenye kiwanja, ndiyo lupango, husema: « Hapa ni kwangu. Nililipa mali yangu. Hakuna mtu wa kuniuliza ninalofanya ndani ya ua wangu. »

Neno hilo lina kweli yake. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, katika kifungu cha 29, yasema kwamba nyumba ya mtu haivunjiwi heshima. Mtu haingii kuichunguza ila kwa namna iliyowekwa na sheria.

Lakini Katiba ile ile, katika kifungu cha 53, ina neno la pili. Kila mtu ana haki ya kuishi mahali pazuri pasipodhuru afya yake, na tena ana wajibu wa kupalinda mahali hapo.

Maneno haya mawili hayapigani. Ua unazuia mbuzi na mwizi. Hauzuii moshi, wala vumbi, wala maji yanayopita chini ya udongo. Ukichoma batri katika kiwanja chako, mtoto wa jirani ndiye anayevuta moshi wake. Ukimwaga dawa ya wadudu karibu na kisima, familia kumi zinaichota asubuhi. Basi kiwanja ni chako, lakini sumu yake si yako peke yako.

Mwaka 1988, katika Koko, bandari ndogo ya Nigeria, watu walivumbua mapipa kwa maelfu katika kiwanja cha mtu mmoja. Yalijaa takataka za sumu zilizoletwa kwa meli kutoka Italia. Mwenye kiwanja alikuwa akilipwa karibu dola 100 kwa mwezi ili ayakubali. Kwa malipo hayo madogo mji wake wote uliingia hatarini. Habari hiyo iliwakasirisha watu wengi wa Afrika. Mwaka 1991 serikali nyingi za Afrika zilifanya mapatano katika mji wa Bamako, nchi ya Mali, kukataza takataka za sumu zisiletwe tena katika Afrika.

5. Mkaguzi mlangoni

Katika Kongo sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 yahusu ulinzi wa mahali tunapoishi. Inaagiza serikali, majimbo na wakubwa wa miji waangalie takataka zote zishughulikiwe pasipo kudhuru afya ya watu. Lakini karatasi ya sheria haina miguu. Lazima mtu apite katika mitaa, aone kwa macho yake. Mtu huyo ndiye mkaguzi wa usafi.

Watu wengi wanamwogopa. Anapotokea njiani, mama mmoja anafunga mlango, mwingine anafunika rundo la takataka kwa mabati. Wanafikiri: « Amekuja kututoza mali. »

Mkaguzi mwema anafanya kazi yake hatua kwa hatua. Kwanza anabisha hodi na kuonyesha karatasi ya kazi yake. Halafu anatazama choo, kisima, shimo la takataka, na kibanda cha vyombo. Akiona hatari, anamwonyesha mwenye kiwanja na kumweleza sababu yake. Anaandika neno lile na kutoa siku za kuitengeneza. Baada ya siku hizo anarudi kutazama. Mtu aliyetengeneza hana shauri. Mtu aliyekataa, huyo ndiye anayestahili faini. Na faini ya kweli ina kitansi, yaani karatasi ya kuonyesha mali iliyolipwa. Mtu anayedai franka mkononi pasipo kitansi, hafanyi kazi ya sheria. Anaiharibu, kwa kuwa baada yake watu hawatamsadiki tena hata mkaguzi mwema.

Mkaguzi mwema hulinda mtoto asiyeweza kujilinda. Kama mtu wa namna hiyo angalifika Thiaroye mapema, akaiona mifuko ile ndani ya nyumba, pengine makaburi 18 yasingalichimbwa.

6. Sheria ya zamani

Neno hili si jipya. Katika Maandiko Matakatifu, kitabu cha Walawi, sura ya 14, tunasoma habari ya nyumba yenye ugonjwa katika kuta zake. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu ukutani, haimpasi kuyaficha. Atakwenda mwenyewe kumwambia kuhani. Kuhani ataagiza vyombo vitolewe nje kwanza, visihesabiwe vichafu. Ataitazama nyumba, ataifunga siku saba, kisha atarudi. Kama madoa yameenea, mawe yale yatang'olewa na kupelekwa nje ya mji, mahali palipowekwa kwa vitu vichafu.

Na katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliagiza hivi: mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Basi tangu zamani nyumba ilikuwa ya mtu, lakini uhai wa jirani ulikuwa wa Mungu. Amri ya tano haikatazi panga na mkuki tu. Hukataza pia uvivu unaoacha sumu njiani kwa watoto. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua kwa watu wote, iitwayo Laudato si', akaiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Katika barua ile alitaja pia takataka zenye sumu zitokazo nyumbani mwa watu.

7. Mahali pa kupeleka

Kukataza ni nusu ya kazi. Mtu akiambiwa: « Usitupe batri mtoni, usiichome, usiizike, » atauliza kwa haki: « Basi niipeleke wapi? » Tazama sheria ya Musa: haikusema tu mawe yang'olewe. Iliweka pia mahali pa kuyapeleka.

Katika nchi nyingi miji imetengeneza mahali hapo. Watu hutenga takataka za sumu nyumbani, wakazileta siku iliyowekwa. Wafanyakazi waliovaa mifuko ya mikono wanazipokea na kuzipanga: rangi mahali pake, mafuta mahali pake, batri mahali pake. Hawazichanganyi kamwe, kwani sumu mbili zikikutana huweza kuzaa ya tatu iliyo mbaya zaidi. Javeli ikichanganywa na maji makali ya batri, hutoa hewa inayochoma mapafu. Katika Ubelgiji, tangu mwaka 1995, kuna chama kiitwacho Bebat, ambacho kazi yake ni kukusanya mawe ya tochi yaliyokwisha. Masanduku yake huwekwa katika maduka na katika shule, na watoto wenyewe huleta mawe kutoka nyumbani.

Katika miji mingi ya Kongo kazi hiyo bado haijapangwa vizuri. Hiyo siyo sababu ya kukaa bure. Wazazi wa mtaa waweza kwenda pamoja kwa mkuu wa komini na kuomba mahali pa kukusanyia. Sauti ya nyumba moja husahauliwa; sauti ya mtaa mzima husikiwa. Na wakati wa kungoja, kila nyumba ishike maagizo haya:

Usitie petroli, soda kali wala dawa ya wadudu katika chupa ya kinywaji. Tumia chombo kingine, kitie alama, kiweke juu sana au kifunge kwa ufunguo.

Usichome mawe ya tochi wala batri. Motoni huweza kupasuka, na moshi wake ni sumu. Yatie katika ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jikoni na kisima.

Usivunje batri, wala usimwage maji yake makali. Irudishe nzima kwa mwuzaji anayezipokea.

Usichote maji ya kunywa kwa chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu, hata ikioshwa mara kumi. Itoboe, mtu mwingine asiitumie.

Nunua kiasi kinachotosha. Rangi isiyobaki haihitaji mahali pa kutupwa.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Na kama mtoto amekunywa petroli, usimlazimishe kutapika. Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa. Akitapika, petroli hupita tena njia ya mapafu. Mpeleke upesi kwa waganga, na uchukue chupa ile, wapate kujua alichokunywa.

Jioni ile kijana wa darasa la tatu na mama yake waliokota vipande vya chupa, wakafunika petroli iliyomwagika kwa mchanga. Kesho yake mama alinunua kidumu chenye kifuniko kigumu. Kijana alichukua kaa la moto lililozimika, akaandika ubavuni mwake kwa herufi kubwa: SUMU. Mdogo wake hakujua kusoma bado. Basi kijana akakiinua kidumu, akakitundika juu ya msumari, mahali ambapo mkono wa mdogo wake haufiki.

Maulizo

1. Kwa nini petroli ilitiwa katika chupa ya limonadi?
2. Taja takataka tano zenye sumu. Zipi zinaonekana nyumbani kwenu?
3. Watu wa Thiaroye waliweka nini ndani ya nyumba zao, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini risasi hudhuru watoto zaidi kuliko wakubwa?
5. Mtu anasema: « Kiwanja ni changu, nitachoma nipendacho. » Utamjibu nini?
6. Utamjuaje mkaguzi anayefuata sheria?
7. Kazi: Leo, pamoja na baba au mama, tazama chupa zote zilizo nyumbani. Andika iliyo na sumu iko wapi, na mahali panapofaa kuiweka.